Kamera ya Jicho Moja na Kioo Kinachopepesa

Hotuba niliyoitoa Dar es Salaam mbele ya vijana wanaopiga picha kwa filamu. Nimeiandika upya kutoka kwenye daftari langu, na maneno niliyochomekea pale mbele yenu nimeyaacha humo yalivyo.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie kamera za zamani za Kijapani na lenzi zake. Kabla sijasema lolote, naomba ukimya kidogo. Sikilizeni.

Mmesikia? Narudia. Hiyo sauti, "klak", kila mmoja hapa anaijua, hata simu zenu zinaiigiza. Wengi hudhani ni sauti ya picha kupigwa. Sehemu kubwa ya sauti hiyo ni kioo. Kuna kioo kidogo ndani ya kamera hii, kimeruka juu, kimegonga dari, shata, lile pazia linalofunguka kuipa filamu mwanga, imepita nyuma yake, kisha kimerudi mahali pake. Hayo yote yametokea kabla hamjapepesa jicho. Mkiniruhusu, jioni hii nitazungumzia kioo hicho zaidi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ukikielewa, kamera zote zilizopo mezani hapa utazielewa.

Wajapani wana jina zuri kwa kamera ya namna hii. Wanaiita ichigan-refu. Ichi ni moja, gan ni jicho, na refu si ile yetu, ni kifupi cha reflex, kuakisi. Kamera ya jicho moja. Wazee waliofanya kazi studio wanakumbuka zile za macho mawili, Rolleiflex na ndugu zake: jicho la juu la kutazamia, la chini la kupigia. Kulikuwa pia na zile za kutazama kupitia kidirisha cha pembeni, kama Leica, ambazo kidirisha hakijui lenzi inaona nini. Unaweza ukampiga picha bibi harusi mzima mzima huku kifuniko cha lenzi kikiwa bado mahali pake, na kidirisha kisikuambie kitu. Kwenye kamera ya jicho moja mwanga huingia kwa lenzi ileile itakayopiga picha, unakutana na kioo kilicholazwa kwa nyuzi 45, unapinda kwenda juu, na wewe unauona. Unachokiona ndicho filamu itakachokiona.

Ila kuna tatizo. Kioo kimesimama katikati ya njia, mbele ya filamu. Ili filamu ione, kioo sharti kipishe. Kazi kubwa ya wahandisi wa Kijapani kwa miaka 30 ilikuwa kushughulika na hicho kioo na matatizo kinayoyaleta.

Niseme mapema ili nisije nikasutwa na wanaojua: wazo hili si la Wajapani. Kamera ya jicho moja iliyotumia filamu ya milimita 35 na kuuzwa kwa wingi ilitoka Dresden, Ujerumani, mwaka 1936, ikiitwa Kine Exakta. Prizimu, kipande cha kioo cha kutazamia kwa usawa wa jicho, nayo ilikuja sokoni Dresden na Contax S, mwaka 1949. Wajerumani walitangulia. Walichofanya Wajapani ni kukaa na mashine hiyo, kuitumia, kukereka, na kuondoa kero moja baada ya nyingine. Kwetu neno kero tunaliacha kwa wanasiasa, lakini hapa ndilo neno lenyewe.

Hebu fikirini kero zenyewe. Unashika Exakta kifuani, unainama kutazama kioo cha juu. Picha imesimama wima, sawa, lakini kushoto kumekuwa kulia. Mtoto anakimbia kwenda kulia, wewe unaona anakwenda kushoto, unamfuata, unampoteza. Unabonyeza. Kioo kinapanda, na hakirudi. Giza. Unatazama giza mpaka uvute filamu kwa ajili ya picha ijayo. Je, mtoto alifumba macho? Aligeuka? Hujui. Na kabla ya hapo ulikuwa umebana tundu la lenzi, lile la kupitisha mwanga, ili upate picha kali, na kwa kubana tundu umejizimia taa mwenyewe, kitazamio kimekuwa kama chumba wakati wa magharibi. Watu walistahimili yote haya. Kwa hiyo wengi wakasema afadhali Leica.

Sasa twende Japani baada ya vita.

Mwaka 1945 viwanda vya vioo vya huko vilikuwa na mafundi wengi na hakuna mteja. Nippon Kogaku, ambayo leo mnaijua kwa jina la Nikon, ilianzishwa mwaka 1917 na ilikua kwa kazi za jeshi. Vifaa vya kupimia masafa vya manowari Yamato, vyenye urefu wa mita 15, vilikuwa vyao. Jeshi likavunjwa, wakabaki na ujuzi. Asahi Kogaku, watu wa Pentax, walianza mwaka 1919 wakisaga lenzi za miwani. Canon walianza na kamera ya majaribio ya mwaka 1934 iliyoitwa Kwanon, jina la Kannon, yule anayeheshimiwa na Mabudha kwa huruma yake. Na kamera ya kwanza ya Canon kuuzwa, Hansa Canon, ilivaa lenzi ya Nikkor. Naam, Canon mwenye jicho la Nikon! Wale mnaogombana kila siku Canon na Nikon nani zaidi, nendeni mkalale na hilo.

Dunia haikuviamini vitu hivyo. Chapa ya Japani wakati ule ilimaanisha kitu cha bei rahisi kinachoharibika upesi. Hata hiki kibandiko, sogeeni mkione, hiki cha dhahabu chenye umbo la yai kilichoandikwa PASSED, ni dawa ya sifa hiyo mbaya. Japani iliunda taasisi ya kukagua kamera za kuuzwa nje, na iliyofaulu ndiyo iliyobandikwa. Ukinunua kamera ya zamani ukakuta kibandiko hicho bado kipo, usikibandue.

Aliyegeuza maoni ya watu alikuwa mpiga picha wa jarida la Life, Mmarekani David Douglas Duncan. Mwaka 1950 yuko Tokyo, na mpiga picha wa Kijapani, Jun Miki, akampiga picha kwa lenzi ya Nikkor ya milimita 85. Duncan alipoona ile picha imeoshwa na kukuzwa hakuamini ukali wake. Akaenda kiwandani kujionea, akapata lenzi za Nikkor za kufunga kwenye kamera zake za Kijerumani, na vita vya Korea vilipozuka akaenda nazo. Picha zilipofika New York wahariri wakauliza zimepigwa kwa kifaa gani. Desemba mwaka huohuo gazeti la New York Times likaandika habari za lenzi hizo. Angalieni, kwanza lenzi ndizo zilizoaminiwa. Kamera zilikuwa bado za watu wengine.

Asahi hawakutaka kuiga Leica kama wenzao. Mwaka 1952 walitoa Asahiflex, kamera ya kwanza ya Kijapani ya jicho moja kwa filamu ya milimita 35. Bado ya kuinamia. Lakini mwaka 1954, kwenye Asahiflex IIb, kioo kilijifunza kupepesa. Ukibonyeza kinapanda, shata inapita, kinarudi chenyewe papo hapo. Giza likawa la kupepesa jicho tu. Kuna mhandisi wa Hungary, Jenő Dulovits, aliyelifanya jambo hilo miaka michache kabla kwenye kamera yake, Duflex, ila zilitengenezwa chache na hazikufika popote. Asahi walilifanya likauzwa, likazoeleka, na baada ya hapo hakuna aliyekubali tena kioo kisichorudi.

Ile ya kushoto na kulia ilibaki. Dawa yake ni prizimu, hiki kibanda kilichosimama juu ya kamera. Ndani yake kuna kipande cha kioo kizito chenye nyuso zilizokatwa kwa pembe maalumu, mbili kati yake zikikutana kama paa la nyumba. Paa hilo ndilo linalobadilisha kushoto na kulia, kila kitu kikarudi kwao. Miranda walitangulia Japani kuiweka, mwaka 1955. Mwaka 1957 Asahi wakaunganisha prizimu, kioo kinachopepesa na mkono wa kuvutia filamu kwa kidole gumba, wakaiita Asahi Pentax. Jina lenyewe lilikuwa la Zeiss Ikon ya Ujerumani Mashariki, likapatikana kwao. Na mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa, walichukua uzi wa skrubu wa milimita 42, nao wa Dresden. Hawakuona haya. Ukiishika Pentax ya 1957 leo vidole vyako vinajua pa kwenda: mkono wa kuvutia kulia, kitufe kulia, cha kurudishia filamu kushoto. Karibu kila kamera iliyofuata ilipangwa hivyo.

Tundu linalozima taa nalo likapatiwa ufumbuzi. Lenzi ibaki wazi kabisa unapotazama, ijibane yenyewe kwa sekunde ya kupiga, ijifungue tena. Nyuma ya lenzi kuna kijiti au kipini, kamera inakisukuma wakati kioo kinapanda. Zunow, kiwanda kidogo, walilitengeneza vizuri sana mwaka 1958 kwenye kamera ambayo leo ni nadra kuliko almasi, kisha miaka michache baadaye wakafilisika. Nawataja kwa heshima. Biashara haiwalipi kila mara wanaotangulia.

Halafu ukaja mwaka 1959 na Nikon F.

Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe. Nikon F haikuwa na wazo jipya hata moja, au karibu hata moja. Kioo kinachopepesa, Asahi. Prizimu, Dresden. Tundu la kujibana, wengine. Mwili wenyewe ulikuwa wa kamera yao ya kidirisha, Nikon SP ya 1957, wakaupasua katikati na kupachika sanduku la kioo. Kitufe cha kupigia kimekaa nyuma mno, kwa sababu kwenye SP kilikuwa hapo. Mgongo wa kamera haufunguki kama mlango, unatoka wote. Uko katikati ya maandamano, unabadilisha filamu, mgongo wa kamera umeubana kwapani, filamu mdomoni. Nimefanya hivyo, nikiwa na miaka 40 na kitu, na nilijiona mjinga.

Lakini walikusanya yote mahali pamoja, kila kitu kikafanya kazi pamoja, na kikafanya kazi kila siku. Kitazamio kilionyesha picha nzima, asilimia 100, wengine walikuwa wakikata kingo. Prizimu inatoka, unaweka nyingine. Kuna mota ya kuvuta filamu. Pazia za shata ni za titani. Umbo lake la pembe kali lilichorwa na Yusaku Kamekura, msanii ambaye baadaye alichora alama ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, lile jua jekundu. Chini ya jua hilo Wilson Kiprugut aliipa Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Mkono uliochora jua hilo ndio uliochora kichwa cha kamera hii.

Waandishi wa vita waliichukua Vietnam na kote kule. Don McCullin, Mwingereza, alikuwa na Nikon F iliyopigwa risasi Cambodia, na kamera ikaizuia. Watu wa matangazo hawawezi kununua sifa kama hiyo.

Na ule mdomo wake. Tangu 1959 umbo la mdomo wa F halikubadilishwa mpaka kamera zao za kidijitali za kioo. Si kila lenzi hufanya kila kitu kwenye kila kamera, kuna mambo ya kufungamana kwa kipima mwanga, na mabadiliko ya mwaka 1977 yanayoitwa Ai yanawachanganya wanunuzi mpaka leo. Ila ule msimamo naupenda. Canon walibadili mdomo mwaka 1987 walipoleta EOS, na waliokuwa na lenzi za FD wakaachwa njiani. Kitaalamu Canon walikuwa sahihi, na sokoni walilipwa vizuri. Mimi bado nawanunia.

Kipima mwanga nitakipitia haraka. Zamani kilishikwa mkononi, au kilibandikwa juu ya kamera, kikipima mwanga ambao lenzi haikuuona. Mwaka 1963 Topcon RE Super ilileta upimaji kupitia lenzi yenyewe, na mnajua walikificha wapi? Kwenye kioo. Walichora mistari membamba kwenye kioo kilekile, mwanga kidogo ukapenya na kuangukia kipimo kilichokaa nyuma yake. Kioo kilichokuwa kero kikapewa kazi ya pili. Mwaka 1964 ikaja Pentax Spotmatic, iliyopendwa kuliko zote za wakati wake. Jina lake ni kichekesho. Mfano ulioonyeshwa Cologne mwaka 1960 ulipima nukta moja, ndiyo maana ya jina. Iliyouzwa inapima picha nzima kwa wastani. Jina likabaki.

Sasa lenzi, maana najua wengi mmekuja kwa ajili ya hizo.

Kioo kinahitaji nafasi ya kuruka. Kwenye Nikon, toka mdomoni mpaka kwenye filamu ni milimita 46.5. Lenzi ya milimita 50 haina shida na nafasi hiyo (namba ya lenzi ni umbali wake wa fokasi; ikiwa ndogo, lenzi inaona eneo pana zaidi). Lakini ukitaka lenzi pana ya milimita 24, kwa mpangilio wa kawaida ingepaswa kukaa karibu na filamu kiasi cha kugongwa na kioo. Mwanzoni Nikon walikuwa na lenzi ya milimita 21 ambayo ukitaka kuifunga lazima kwanza uinue kioo na kukiacha juu, halafu utazame kwa kidirisha cha kuchomeka pembeni. Yaani umenunua kamera ya jicho moja ili uifumbe jicho.

Jibu ni kuweka mbele ya lenzi kioo kikubwa kinachotawanya mwanga kwanza, kisha vya nyuma vinaukusanya, na picha inaangukia mbali zaidi. Mfaransa Angénieux aliionyesha njia hiyo mwaka 1950. Ugonjwa wake ni kwamba ukisogelea kitu, pembe za picha zinalegea. Mwaka 1967 Nikon walitoa Nikkor ya 24mm f/2.8 (hiyo f ni kipimo cha tundu likiwa wazi kabisa) ambayo sehemu zake za ndani husogea kwa viwango tofauti unapofokasi karibu. Leo karibu kila lenzi nzuri inafanya hivyo. Mkiona lenzi pana za zamani zina uso mpana kama sahani, si urembo, ni gharama ya kioo.

Hawakufaulu kila mara. Zumu, yaani lenzi ya kuvuta karibu na mbali, ya Nikkor ya milimita 43–86 ya mwaka 1963 iliuzwa kwa maelfu, na sijui mtu aliyeisifu. Ninayo. Nyumba zilizonyooka inazipinda, jua likiingia inakuwa maziwa. Naipenda kwa picha za mvua.

Asahi waliziita lenzi zao Takumar, kwa jina la Takuma Kajiwara, ndugu wa mwanzilishi, mpiga picha na mchoraji aliyehamia Marekani. Mwaka 1971 wakaanza kupaka kila uso wa kioo utando wa tabaka nyingi unaozuia mwanga kurudi nyuma, na ukitazama ndani ya lenzi hizo unaona zambarau na kijani kama mafuta juu ya maji. Kabla ya hapo lenzi yenye vioo vingi ilikuwa inapoteza mwanga kila usoni, na mwanga uliopotea unazungukazunguka ndani na kuchafua picha. Tabaka hizo ndizo zilizowapa wabunifu uhuru wa kuongeza vioo.

Na hii hapa, Super-Takumar ya 50mm f/1.4. Sogezeni mwone. Mnaiona njano, kama chai ya rangi iliyozidi maji? Baadhi ya vioo vyake vimechanganywa na thoriamu, madini yenye mionzi, kwa sababu kioo cha namna hiyo hupinda mwanga sana bila kutawanya rangi. Miaka inapita, mionzi inakipaka kioo njano. Msiogope, hakuna atakayeanguka hapa kwa kushika lenzi. Msiisage tu wala kuivunja. Dawa yake ni jua. Fungua tundu, iweke dirishani siku kadhaa, jua letu hili la Dar linatosha, njano inapungua. Hii niliiacha makusudi ili mwione.

Nikitakiwa kubaki na lenzi moja ya Kijapani, ni Nikkor ya 105mm f/2.5. Ndiyo mpiga picha Steve McCurry aliyotumia mwaka 1984 kwenye kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, Pakistan, kumpiga picha binti wa Kiafghani mwenye macho ya kijani. Mnaijua picha hiyo hata kama hamjui jina lake. Kamera ilikuwa Nikon FM2.

Kero iliyofuata ilikuwa uzito. Nikon F yenye kichwa cha kipima mwanga na lenzi yake ilizidi kilo moja. Yoshihisa Maitani wa Olympus aliona huo ni mzigo. Yeye mwaka 1959 alishatengeneza Pen, kamera ndogo inayogawa kila picha nusu, filamu ya 36 ikatoa 72. Mwaka 1963 akatoa Pen F, kamera ya jicho moja isiyo na kibanda juu, kwa sababu kioo chake hakiruki juu, kinafunguka kando kama mlango. Mwaka 1972 akaleta ya filamu nzima, gramu 510, ikiitwa M-1. Leitz, wenye Leica M1, wakalalamika juu ya jina, ikawa OM-1. Namna alivyoipunguza ni somo: mitambo ya shata aliihamishia chini ya sanduku la kioo, ndiyo maana namba za kasi ziko kwenye duara la mdomo, si juu. Kioo akakiwekea vizuia mshtuko vya hewa. Sikilizeni. Tofauti na ile ya kwanza, sivyo? Hii haigongi, inakohoa kwa adabu.

Na Wajerumani? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Contarex yao ilikuwa nzuri, ngumu kutengeneza, ghali kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zeiss Ikon wa Ujerumani Magharibi waliacha kutengeneza kamera. Zeiss wakaungana na Yashica, na Contax mpya, RTS ya 1975, ikatengenezwa Japani. Leitz wakaungana na Minolta, na Leica R3 ya 1976 ilijengwa juu ya kamera ya Minolta. Miaka 26 tu tangu wahariri wa New York washangae lenzi za Duncan.

Yaliyofuata ni ya umeme na mimi umeme haunisisimui. Canon AE-1 ya 1976 iliweka kompyuta ndogo ndani, plastiki ikaongezeka, bei ikashuka, mamilioni wakanunua. Minolta 7000 ya 1985 ikaleta fokasi ya kujiendesha iliyo ndani ya mwili, kila mtu akakimbilia huko. Kampuni ya Marekani, Honeywell, ikawashitaki kwa kutumia uvumbuzi wake, na mwaka 1992 Minolta wakalipa dola milioni 127.5. Kioo kikaendelea kupepesa kama kawaida.

Nilianza kazi studio Tanga na Pentax K1000. Kamera ya mwaka 1976, isiyo na chochote cha ziada, ikatengenezwa mpaka 1997. Haina hata swichi ya kuzima kipima mwanga, unaizima kwa kuvisha lenzi kifuniko. Mzee aliyenifundisha kazi alinikabidhi nayo kwenye harusi ya kwanza. Nikapiga picha 36. Nilipoona namba imefika 37, 38, na filamu haikazi, jasho lilinitoka. Filamu haikushika kwenye kigurudumu, ilikuwa imelala kwenye mkebe wake tangu mwanzo. Nilikuwa nimepiga picha za hewa. Mzee hakunigombeza. Alinionyesha kitu kimoja: ukivuta mkono wa filamu, tazama kifundo cha kurudishia upande wa kushoto. Kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka, simama. Bwana harusi na bibi harusi walirudi studio Jumatatu wakiwa wamevaa tena, na mpaka leo picha yao ni ile ya mbele ya pazia la buluu.

Ndugu mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo niwaambie la kununua. Vitu vitatu huua kamera hizi katika hali ya hewa ya pwani. Kuvu kwenye lenzi, inayoonekana kama utando wa buibui ukimulika kwa tochi. Msizifungie kamera kwenye mikoba ya ngozi, ngozi inatunza unyevu. Pili, sponji nyeusi ambayo kioo hugonga kikipanda. Baada ya miaka 40 inageuka lami, inadondokea kwenye kioo, na mtu akiipangusa kwa shati amekiharibu kioo, maana fedha yake imepakwa mbele, haina kinga. Ipelekeni kwa fundi. Tatu, betri. OM-1 na nyingi za rika lake zilitumia betri za zebaki za volti 1.35 ambazo hazitengenezwi tena. Ukiweka ya volti 1.5 kipimo kinadanganya. Spotmatic mzunguko wake unavumilia. FM2 haihitaji betri kabisa ila kwa kupima mwanga. Shata yake, hata ile kasi ya sekunde 1/4000, ni ya springi tupu.

Zote tano ziko mezani. Ile OM-1 ina filamu, zimebaki picha tisa, pigeni. Hizo nyingine hazina, fungueni migongo mtazame shata ikipita, wekeni kwenye B, ile inayoacha shata wazi muda wote mnaobonyeza, mbonyeze muone kioo kimesimama juu. Msiguse pazia kwa kidole. Na ile lenzi ya njano, yeyote anayekaa karibu na dirisha, naomba aisogeze juani.